Ferdinand Sauerbruch: Daktari aliyeunganisha mkono bandia na misuli ya mtu

Anayesomea ufundi wa viungo bandia, au utafiti wa roboti za kuwasaidia watu wenye ulemavu, hukutana mapema na jina la Ferdinand Sauerbruch. Alikuwa daktari bingwa wa upasuaji kutoka Ujerumani, na alifariki dunia mwaka 1951. Hakuwahi kutengeneza roboti. Alichofanya ni kuuwezesha mkono bandia kufunga na kufungua vidole kwa nguvu ya misuli ya mwenyewe aliyekatika mkono, na hilo ndilo jambo ambalo roboti za leo bado zinahangaika nalo.

Kwa msikilizaji wetu wa Iringa, Mbeya au Njombe, maisha ya daktari huyu yanahusika kwa namna mbili. Kitabu chake juu ya mkono huo kilichapishwa mwaka 1916, mwaka uleule ambao vita vilivyowakata mikono Wajerumani aliowatibu vilifika Nyanda za Juu Kusini. Na wazo lenyewe halikuzaliwa Ulaya peke yake. Lilitokana na mkasa wa askari wa Kiafrika, upande wetu huu wa bara.

Mjukuu wa fundi viatu

Sauerbruch alizaliwa Julai 3, 1875, Barmen, ambayo leo ni sehemu ya mji wa Wuppertal. Baba yake alikufa kwa kifua kikuu mtoto akiwa bado mdogo sana, na mama akarudi kwa wazazi wake. Huko Ferdinand alilelewa na babu yake, fundi viatu. Haikuwa familia ya maprofesa. Kwanza alisoma sayansi Marburg, kisha akageukia udaktari, na alihitimu Leipzig mwanzoni mwa karne ya 20.

Mwaka 1903 alipata kazi ya msaidizi Breslau, mji ambao leo uko Poland na huitwa Wrocław. Bosi wake alikuwa Johann von Mikulicz, mmoja wa wapasuaji wakubwa wa Ulaya wakati ule. Mikulicz alimpa kijana huyo swali ambalo lilikuwa limewashinda wengi: vipi kifua cha binadamu kinaweza kufunguliwa bila mgonjwa kufa?

Tatizo lilikuwa hewa. Mapafu hubaki yamejaa kwa sababu mgandamizo ndani ya kifua ni mdogo kuliko wa hewa ya nje. Kifua kikipasuliwa, hewa huingia kwa kasi na pafu husinyaa kama puto lililotobolewa. Sauerbruch alitengeneza chumba kidogo kilichozibwa, ambamo hewa ilipunguzwa. Mgonjwa alilazwa kiwiliwili kikiwa ndani na kichwa kikiwa nje, shingo ikiwa imezungushiwa kizibo, na wapasuaji walifanya kazi ndani ya chumba pamoja naye. Mwaka 1904 kazi hiyo ilitangazwa mbele ya wapasuaji wa Ujerumani, na msaidizi wa miaka 28 akawa mtu anayejulikana. Baadaye ilionekana ni rahisi zaidi kumpulizia mgonjwa hewa kwa bomba, na chumba kile kikawekwa kando. Hata hivyo, mlango wa upasuaji wa kifua ulikuwa umeshafunguliwa.

Kwenye vyuo vikuu vya Ujerumani, msomi hakupanda ngazi akikaa mahali pamoja. Aliitwa kutoka mji hadi mji, na kila wito ulikuwa cheo. Sauerbruch alipita Greifswald, akaenda Marburg, na mwaka 1910 akapewa kiti cha uprofesa wa upasuaji Zürich, Uswisi. Alikuwa na miaka 35.

Askari wa Adwa

Hapa inabidi tumwache kidogo na kurudi nyuma hadi Machi 1, 1896. Siku hiyo jeshi la Mfalme Menelik wa Pili wa Ethiopia liliwashinda Waitaliano katika vita vya Adwa. Miongoni mwa mateka walikuwa askari wa Eritrea waliopigana upande wa Italia. Waethiopia waliwahesabu kuwa wasaliti, na mamia yao walikatwa mkono wa kulia na mguu wa kushoto.

Habari hizo zilimfikia Giuliano Vanghetti, daktari wa kawaida wa mji wa Empoli nchini Italia. Hakuwa profesa wala mpasuaji. Lakini aliona kitu ambacho wakubwa walikuwa hawajakizingatia: mtu akikatwa kiganja, misuli iliyokuwa ikikiendesha haifi. Ipo bado kwenye kigutu, na mtu akijaribu kukunja vidole ambavyo havipo, misuli hiyo hujikaza. Nguvu ipo, ila haina cha kuvuta. Vanghetti alifanya majaribio kwa kuku, na kuanzia mwaka 1898 akaandika kwamba misuli na kano zilizobaki zinaweza kutengenezwa ili ziendeshe kiungo bandia. Miaka kadhaa baadaye mpasuaji Mwitaliano, Antonio Ceci, alilijaribu wazo hilo kwa binadamu. Nje ya Italia ni wachache waliolijali.

Askari wale wa Eritrea, kwa upande wao, walipewa viungo vya kawaida visivyojongea. Wazo lililotokana na mikono yao liliwafaidia watu wengine.

Mpasuaji na mtu wa mitambo ya mvuke

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Sauerbruch alijitolea kuwa daktari mshauri wa jeshi la Ujerumani. Mizinga iliwaacha makumi ya maelfu ya vijana bila mikono au miguu. Wengi walikuwa wakulima na mafundi, na serikali ilitaka warudi kazini. Mikono bandia iliyokuwepo ilikuwa ya aina mbili: ya kupendeza macho tu, au ndoano iliyovutwa kwa kamba kutoka bega la upande wa pili.

Aliyemsukuma Sauerbruch kwenye suala hili hakuwa daktari. Alikuwa Aurel Stodola, mhandisi mwenye asili ya Slovakia aliyefundisha chuo cha ufundi cha Zürich na kujulikana duniani kote kwa utafiti wake wa mitambo ya mvuke. Mwaka 1915 Stodola alimwendea na pendekezo la kutengeneza mkono unaoendeshwa na misuli ya kigutu. Kwa mhandisi, hesabu ilikuwa rahisi kuitaja ingawa ngumu kuitekeleza: daktari anipe nguvu kiasi gani, na mvuto wa urefu gani, nami nitamjengea mkono unaotosheka na hizo.

Kwa maoni yangu, mazungumzo hayo ndiyo yaliyoanzisha taaluma nzima. Kabla ya hapo, mpasuaji alikata, akashona, akamtuma mgonjwa kwa fundi. Fundi naye akapokea kigutu jinsi kilivyo. Sasa kigutu chenyewe kikaanza kutengenezwa kwa kuzingatia mashine itakayofungwa juu yake, na mashine ikachorwa kwa kuzingatia msuli.

Kazi ilifanyika zaidi katika hospitali ya kijeshi ya Singen, mji wa Ujerumani ulio karibu na mpaka wa Uswisi. Sauerbruch alichukua ngozi ya mgonjwa mwenyewe, akaikunja iwe kama bomba, kisha akaipitisha katikati ya msuli wa mkono, tuseme ule unaovimba mtu akikunja kiwiko. Kidonda kilipopona, msuli ulibaki na tundu linalopenya upande hadi upande, limefunikwa ngozi ndani kama tundu la sikio lililotogwa. Ndani ya tundu hilo kilipitishwa kijiti cha pembe ya ndovu, bidhaa ambayo enzi hizo Afrika Mashariki iliisafirisha kwa wingi. Ncha mbili za kijiti zilifungwa kwenye kamba zilizoshuka hadi kwenye mkono bandia.

Mgonjwa akikaza msuli, kijiti hupanda, kamba huvuta, vidole hufunga. Tundu jingine kwenye msuli wa nyuma ya mkono lilivifungua. Jambo ambalo wagonjwa walilifurahia zaidi ni hisia: kwa kuwa kamba ilivuta msuli moja kwa moja, mtu aliweza kutambua kama ameshika kitu kigumu au laini bila kuangalia. Mikono mingi ya umeme inayouzwa leo kwa bei ya gari haiwezi hilo.

Misuli hiyo ilikuwa imelala kwa miezi, kwa hiyo ilibidi ifundishwe upya. Mgonjwa alifungiwa uzito kwenye kijiti na kufanya mazoezi ya kuuinua kila siku, kwa wiki nyingi. Mafundi, akiwemo Jakob Hüfner ambaye mkono wake wa kujongea ulitumika sana na mfumo huu, walibadilisha mitambo mara kwa mara. Juzuu ya kwanza ya kitabu ilitoka mwaka 1916, na Sauerbruch aliiandika kwa ajili ya wapasuaji na mafundi kwa pamoja. Ya pili ilifuata mwaka 1923.

Mfumo ulikuwa na dosari, na zilikuwa kubwa. Tundu lilihitaji kusafishwa kila siku, la sivyo ngozi ya ndani iliwasha na kutoa usaha. Mitambo iliharibika. Gharama ilikuwa ya juu, na upasuaji ulihitaji daktari mzoefu. Mkulima aliyerudi shambani mara nyingi aliuweka mkono huo kabatini na kuchukua ndoano, kwa sababu ndoano haiogopi tope. Karani aliyeshika kalamu alinufaika zaidi kuliko mshika jembe. Mtafiti yeyote wa leo anayebuni kiungo bandia kwa ajili ya vijijini atakuta swali hilohilo likimsubiri.

Mwaka uleule, Iringa

Kitabu kilipokuwa kinaingia madukani Ujerumani, vikosi vya Jenerali Edward Northey vilikuwa vinapanda kutoka Nyasaland. Mwezi Julai 1916 palipiganwa Malangali. Agosti 29 Waingereza waliingia Iringa. Mji wa Mbeya ulikuwa bado haujaanzishwa, lakini watu wa Unyakyusa, Ubena na Uhehe walikuwa tayari wamekusanywa kubeba mizigo ya pande zote mbili: risasi, unga, vipande vya mizinga. Katika kampeni nzima ya Afrika Mashariki makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Oktoba 1918, von Lettow-Vorbeck alipopita tena Ubena akielekea Rhodesia, aliwaacha hapo wagonjwa na majeruhi wake pamoja na Jenerali Wahle.

Mjerumani aliyekatwa mkono Ufaransa aliwekewa hospitali, profesa wawili na miezi ya mazoezi. Mpagazi wa Kihehe aliyeoza mguu njiani hakuwa na hata fundi wa gongo. Nchi ileile iliyokuwa ikishona viungo vya wanajeshi wake ilitakiwa na mkataba wa Versailles, mwaka 1919, irudishe fuvu la Mtwa Mkwawa. Fuvu lililokabidhiwa kuwa lake lilitoka katika jumba la makumbusho la Bremen na kufika Kalenga mwaka 1954.

Bwana mkubwa wa Charité

Mwaka 1918 Sauerbruch alihamia Munich, na mwaka 1927 akafika kileleni: hospitali ya Charité, Berlin. Huko alikuwa maarufu kama mwanasiasa. Rais Hindenburg alikuwa mgonjwa wake. Wanafunzi walijaza ukumbi kumsikiliza. Alikuwa na hasira za ghafla, na wasaidizi wake walifukuzwa na kurudishwa kazini mara kwa mara.

Mmoja wao alikuja kuwa maarufu. Mwaka 1929 Werner Forssmann, daktari kijana, alikuwa amejiingizia mrija kwenye mshipa wa mkono hadi moyoni mwake mwenyewe, akapiga picha ya eksirei kuthibitisha. Alipopata nafasi Charité, Sauerbruch hakuona thamani ya jambo hilo na Forssmann akaondoshwa. Aliishia kuwa daktari wa mkojo katika mji mdogo, hadi mwaka 1956 alipopewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyohiyo. Sauerbruch mwenyewe, licha ya kupendekezwa mara nyingi, hakuipata kamwe. Mfumo uliomwezesha mjukuu wa fundi viatu kuwa profesa ulimpa pia uwezo wa kuzima ndoto za wengine kwa neno moja, naye aliutumia.

Kisha ukaja mwaka 1933. Rudolf Nissen, msaidizi wake hodari na Myahudi, alilazimika kuondoka nchini na kwenda Istanbul. Sauerbruch alibaki, na mwezi Novemba mwaka huo alikuwa miongoni mwa maprofesa waliotangaza hadharani kumuunga mkono Hitler. Mwaka 1934 alipewa cheo cha mshauri wa serikali, na mwaka 1937 akakubali tuzo ya taifa iliyoanzishwa na Hitler kushindana na Nobel. Hakujiunga na chama cha Nazi. Februari 1935 alikwenda kwenye mazishi ya rafiki yake, mchoraji Myahudi Max Liebermann, wakati Wajerumani wengi wenye majina walijificha. Alipinga mauaji ya wagonjwa wa akili, na alimfanyia upasuaji Jenerali Ludwig Beck, aliyekuja kuuawa kwa kuhusika na njama ya Julai 20, 1944 dhidi ya Hitler.

Upande wa pili ni mzito zaidi. Kuanzia mwaka 1937 alisimamia kitengo cha tiba katika baraza la utafiti la Ujerumani, na maombi ya fedha yalipita mezani kwake. Miongoni mwa yaliyopitishwa kuna utafiti uliotumia damu ya wafungwa wa Auschwitz. Wanahistoria wanabishana alijua kiasi gani. Lakini Mei 1943 alikuwepo ukumbini Berlin wakati madaktari wa SS walipoeleza majaribio waliyowafanyia wanawake wa kambi ya Ravensbrück, ambao miguu yao ilikuwa imeambukizwa vidonda kwa makusudi. Hakuna anayerekodiwa kupinga, na yeye hakupinga. Mtu aliyetumia miaka ya ujana wake kurudisha viungo kwa waliovipoteza alikaa akasikiliza hayo.

Mikono iliyoanza kukosea

Mwezi Mei 1945 Wasovieti walimteua kusimamia huduma za afya za Berlin iliyobomoka. Mwezi Oktoba aliondolewa kwa sababu ya uhusiano wake na utawala uliopita. Mwaka 1949 baraza la kuwachunguza waliohusika na Unazi lilimsafisha.

Kufikia hapo kulikuwa na tatizo jingine, ambalo kila mtu Charité aliliona na hakuna aliyethubutu kulisema. Akili ya profesa ilikuwa inapotea. Alisahau, alichanganyikiwa katikati ya upasuaji, na wagonjwa waliumia. Wasaidizi walijaribu kurekebisha makosa kimyakimya, na viongozi wa Berlin Mashariki hawakutaka aibu ya kumfukuza mtu mwenye jina kubwa namna hiyo. Alilazimishwa kustaafu Desemba 1949. Hata baada ya hapo aliendelea kuwapasua watu faraghani, nao walikuja kwa sababu ya jina.

Alifariki Julai 2, 1951, siku moja kabla ya kutimiza miaka 76. Kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka huo kiliandikwa kwa sehemu kubwa na mwandishi mwingine, na kina hadithi nyingi tamu ambazo wanahistoria wamezikuta si za kweli. Asiyekuwa mwangalifu huzinukuu hadi leo.

Kutoka kijiti cha pembe hadi umeme

Mkono wa Sauerbruch uliachwa polepole baada ya Vita Kuu ya Pili. Ulichukuliwa nafasi na wazo jingine lililozaliwa Munich: Reinhold Reiter, aliyekuwa akisoma fizikia, alitengeneza katika miaka ya 1940 mkono unaosikiliza umeme mdogo unaotokea msuli unapokazwa. Hapakuhitajika tundu, kwani kipokezi kiliwekwa juu ya ngozi. Moskva iliuendeleza mwishoni mwa miaka ya 1950, na mikono mingi ya roboti ya leo hufanya kazi kwa kanuni hiyo.

Ila umeme wa juu ya ngozi haurudishi hisia ya kushika. Ndiyo maana karne hii wapasuaji wamerudi tena kwenye kigutu chenyewe. Chicago, Todd Kuiken na wenzake walihamisha mishipa ya fahamu iliyokuwa ikiendesha kiganja na kuiunganisha na misuli ya kifua, ili mtu akiwaza kufunga vidole, kifua kijikaze na mashine ipokee. Kwingine misuli miwili inayopingana huunganishwa upya ndani ya kigutu ili ubongo uendelee kuhisi mahali kiungo kilipo. Timu hizo huwa na mpasuaji, mhandisi na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na profesa anayetaka fedha za utafiti bila mmoja wao hafiki mbali.

Tanzania ina chuo cha TATCOT mjini Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1981 kwa ushirikiano na Ujerumani, ambacho huwafundisha wataalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi kutoka nchi nyingi za Afrika. Iringa kuna karakana ya Neema Crafts, ambako tangu mwaka 2003 watu wenye ulemavu wanajifunza na kuishi kwa kazi za mikono. Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kinachotoa wahandisi, na mji huohuo una hospitali ya rufaa ya kanda inayopokea wenye mikono iliyosagwa na misumeno ya mbao, mashine za kukoboa na ajali za bodaboda. Huko Zürich mwaka 1915, karakana ya Stodola na wodi ya Sauerbruch nazo zilikuwa katika mji mmoja, na ilibidi mhandisi ndiye avuke kwenda kubisha hodi hospitali.